Maua ya jangwani na kikombe cha maji

 

Ndugu msomaji, tumezoea katika ukurasa huu kuzungumza juu ya mambo ya nyumbani: malezi, ndoa, mirathi na biashara. Ijumaa ya leo tunaomba utuvumilie tukuchukue mbali kidogo, hadi kwenye jangwa la Sonora, kusini mwa jimbo la Arizona nchini Marekani. Huko tulilala hemani siku mbili pamoja na familia ya Kiislamu inayozungumza Kiswahili, tukatembea kwa miguu baina ya madungusi marefu kuliko minazi michanga na maua yaliyotandikwa ardhini kama busati. Na huko ndiko tulikokumbushwa somo ambalo tumelisomesha kwa zaidi ya miaka thelathini, na aliyetukumbusha hakuwa mwanachuoni, bali mama mmoja wa makamo aliyekaa juu ya jiwe.

Safari ilivyoanza

Ilikuwa mwezi wa Machi mwaka 2023, ambao kwa hesabu yetu ulikuwa nusu ya pili ya Shaabani mwaka 1444. Tulikuwa tumealikwa katika mji wa Tucson kutoa darsa za kuukaribisha mwezi wa Ramadhani. Katika mji ule wapo ndugu zetu wengi waliotoka Kongo na Burundi, waliopitia makambi ya wakimbizi ya Tanzania kabla ya kupewa makazi Marekani. Ukiingia katika nyumba zao utasikia Kiswahili, utanusa samaki wa kukaangwa, na utadhani upo Ujiji.

Mwenyeji wetu alizaliwa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, akakulia katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Aliposikia kwamba ratiba yetu ina siku mbili tupu, alisema: “Sheikh, huwezi kurudi Afrika hujaliona jangwa likiwa limechanua. Mwaka huu mvua za kipupwe zimenyesha vizuri. Miaka mingine tunangoja na hatuoni kitu.”

Basi baada ya swala ya Ijumaa tulipakia mahema, magodoro ya kupuliza, sufuria, birika na madumu ya maji, tukaondoka watu tisa katika magari mawili: mwenyeji na mkewe, mama yake mzazi, watoto wao wanne, ndugu yake mmoja na sisi. Barabara inaelekea magharibi na kukatiza nchi ya watu wa Tohono O’odham, wenyeji wa asili wa eneo lile, ambao jina lao maana yake ni watu wa jangwa. Baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 200 tuliingia katika hifadhi iitwayo Organ Pipe Cactus National Monument, inayopakana na Mexico. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1937, na mwaka 1976 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya hifadhi za mazingira hai. Tulifika jua likiwa bado halijazama, tukachagua pahala pa kupiga kambi.

Mti usio na haraka

Msomaji wetu wa pwani analijua dungusi kwa jina la mpungate, ule wenye makopa mapana na matunda mekundu yenye miiba midogo ya kuudhi. Asili ya mpungate si kwetu. Jamii yote ya madungusi, isipokuwa aina moja au mbili, asili yake ni bara la Amerika, na mpungate ulifika Afrika kwa mikono ya watu. Huko Sonora ndiko kwao. Yapo madungusi ya mviringo kama pipa, yapo ya matawi yenye manyoya ya miiba yanayoitwa choya, na yapo yale yaliyoipa hifadhi jina lake, ambayo huchipuza shina nyingi kutoka chini kwa pamoja, zikasimama wima mithili ya mabomba ya kinanda cha kanisani.

Lakini mkuu wao ni saguaro, ambalo wenyeji hulitamka sawaro. Hili husimama kama nguzo, hufikia mita 12 na zaidi, na likishajaa maji huwa na uzito wa tani kadhaa. Ngozi yake ina mikunjo kama marinda ya gauni. Mvua inyeshapo mikunjo hufunguka na shina likanenepa, na ukame ukija hujikunja tena. Mizizi yake mingi haiendi chini sana, bali hutambaa karibu na uso wa ardhi, ikaenea kila upande kwa umbali unaokaribia urefu wa dungusi lenyewe, ili mvua fupi isipite bure. Na kwa kuwa mchana ni mkali, dungusi hufunga vinyweleo vyake jua likiwaka, likavifungua usiku kupokea hewa wakati ambapo maji hayapotei kwa wingi.

Lililotushangaza zaidi ni umri wake. Katika miaka minane ya mwanzo sawaro halizidi kimo cha sentimita nne. Hukua chini ya kivuli cha mti mwingine unaolikinga na jua na baridi, kama mtoto ubavuni mwa mama yake. Hutoa ua la kwanza likiwa na miaka ipatayo 35. Mkono wa kwanza mara nyingi hautoki mpaka limetimiza miaka 50 au 70, na penye ukame mkubwa huchelewa hata miaka 100. Likisalimika huishi miaka 150, na mengine hufikia 200. Kwa hiyo kila sawaro lenye mikono ulionalo, yaelekea lilikuwapo babu yako akiwa mtoto.

Nalo halijiishii peke yake. Kigong’ota hutoboa shina lake akafanya kiota, na akihama, bundi mdogo sana huingia akakaa. Maua yake meupe hufunguka usiku mwishoni mwa Aprili hadi Juni, yakafunga mchana wa pili, na katika muda huo mfupi popo, njiwa na nyuki huyahudumia. Matunda yake mekundu huiva katika joto kali la Juni na Julai, na watu wa Tohono O’odham huyaangua kwa upondo mrefu uliotengenezwa kwa fito za sawaro lililokufa. Kwao msimu huo ndio mwanzo wa mwaka.

Mbegu zinazosubiri

Maua tuliyoyafuata sisi hayakuwa ya madungusi, kwani mengi ya hayo huchanua baadaye. Yalikuwa maua ya msimu, ya mimea midogo inayoota, ikachanua, ikazaa mbegu na kufa katika muda wa miezi michache. Kulikuwa na popi za rangi ya dhahabu zinazojifungua jua likichomoza na kujikunja likizama. Kulikuwa na lupini za zambarau. Juu ya miteremko ya mawe kilienea kichaka chenye majani ya kijivu na maua ya manjano kama alizeti ndogo, ambacho Wahispania wa zamani walikiita kwa jina la ubani, kwa sababu utomvu wake walikuwa wakiufukiza makanisani. Palikuwa na ocotillo, fimbo ndefu zenye miiba, zilizobeba kwenye ncha zake mafungu ya maua mekundu kama ndimi za moto.

Msichana wa mwenyeji wetu, mwenye miaka 12, alituuliza swali ambalo mtu mzima huona haya kuuliza: “Sheikh, mwaka jana maua haya yalikuwa wapi?”

Jawabu ni kwamba yalikuwa pale pale, chini ya miguu yetu. Jangwa la Sonora lina misimu miwili ya mvua. Mvua za kiangazi, kati ya Julai na Septemba, huja kwa radi na mafuriko. Mvua za kipupwe, kuanzia Desemba mpaka Machi, huja taratibu kutoka bahari ya Pasifiki. Mbegu za maua ya machipuo husubiri mvua za majira ya baridi. Manyunyu machache hayaziamshi. Nyingi zimevikwa ganda au dawa ya asili inayozuia kuota, na dawa hiyo haioshwi ila kwa mvua ya kutosha, ambayo kwa kawaida hukadiriwa kuwa milimita 25 hivi kwa pamoja. Mvua ikija mapema na kurudiwa rudiwa, na joto na upepo visipoingilia kati, ndipo nchi hujaa maua. Sharti moja likikosekana, mwaka hupita kimya.

Ajabu iliyo kubwa zaidi ni kwamba hata mvua njema ikinyesha, mbegu hazioti zote. Katika kilima cha Tumamoc mjini Tucson, mahali palipojengwa maabara ya jangwa mwaka 1903, wataalamu wamehesabu miche kwa miongo kadhaa, wakaona kwamba kila mwaka sehemu fulani ya mbegu hubaki zimelala udongoni. Lau zingeota zote kwa pamoja, kisha ukame ukaja kabla ya kuzaa, kizazi kizima kingetoweka. Basi nyingine huamka na nyingine huwekwa akiba.

Tulimwambia yule binti kwamba nchi tunayoiita imekufa huwa na amana ndani yake. Mwenye macho ya haraka huiona mchanga. Naye akaenda kuwaambia wadogo zake waangalie wanapokanyaga.

Usiku wa kambi

Usiku ule jangwa lilipoa upesi, tukajifunika mablanketi. Hatukuwasha moto wa kuni, kwa kuwa kuokota kuni katika hifadhi ile ni marufuku: gogo linalooza ni nyumba ya viumbe na ni chakula cha udongo. Chai ilichemshwa kwa jiko la gesi. Mwezi, uliokuwa umeshapita siku ya kumi na tano, ulichelewa kuchomoza, na kabla haujatoka nyota zilijaa mbinguni kwa wingi ambao wakaazi wa miji wamekwisha kuusahau.

Tuliwaonyesha watoto nyota mbili tatu. Ile nyekundu ya upande wa magharibi, ambayo Wazungu huiita Aldebaran, jina lake ni ad-Dabaran, yaani yenye kufuata, kwa sababu huifuata Kilimia. Na Rigel ni rijl, mguu. Watoto waliozaliwa Marekani, waliodhani kwamba elimu ya anga ni ya watu wengine, walifurahi kugundua kwamba ramani ya mbingu imejaa maneno wanayoyasoma madrasa.

Mwenyeji wetu naye akatoa darsa yake. Viatu vikungutwe kabla ya kuvaliwa, kwani nge hupenda kujificha humo. Mkono usitiwe chini ya jiwe wala mahali usipopaona, maana nyoka hutoka mafichoni wakati wa machipuo. Hema lisisimamishwe ndani ya korongo kavu hata pawe na mchanga laini, kwa kuwa mvua iliyonyesha mlimani huweza kushuka na kuwazoa waliolala. Kila mtu abebe lita nne za maji kwa siku. Na chanuo lisiachwe nyumbani: kipande cha choya kikikung’ang’ania, usikiguse kwa mkono, bali kipenyezee chanuo na kukirusha mbali.

Darsa hiyo tuliisikiliza, ndugu msomaji. Lakini kusikiliza ni jambo moja na kuzingatia ni jambo jingine.

Kikombe cha maji

Jumamosi asubuhi tulikwenda kupanda njia ya milima ya Ajo iendayo mahali paitwapo Bull Pasture, yaani malisho ya mafahali, ambapo zamani wafugaji walikuwa wakipeleka ng’ombe wao. Mzunguko wake ni kilomita tano hivi, nao ni mkali kwa magoti ya mtu wa umri wetu. Tulichelewa kuanza, na kuchelewa huko kulitokana na sisi, kwani tuliendelea kunywa chai na kuzungumza hadi saa nne. Aidha, madumu makubwa tuliyaacha kambini ili tusilemewe. Tukabeba chupa zisizozidi lita kumi na tano kwa watu tisa, tukisema kwamba huu ni mwezi wa Machi, joto halijaingia.

Njia ilikuwa nzuri kupita maelezo. Popi zilisimama katika nyufa za mawe, madungusi ya mabomba yalipanga safu juu ya miteremko inayotazama kusini, nyuki walikuwa wakivuma. Lakini hewa ya jangwa ni kavu, jasho hukauka kabla hujalihisi, na mtu hupungukiwa maji bila ya kujijua. Watoto walikuwa wakikimbia mbele na kurudi, wakinywa kila mara. Tulipofika juu, adhuhuri ilikuwa imekwisha kuingia, na chupa zilizosalia hazikuzidi lita nne.

Njia inayotunzwa na hifadhi huishia pale. Mbele yake kuna ufuatio wa mawe unaopanda hadi kilele cha mlima Ajo, mita 1,465 juu ya usawa wa bahari. Sisi tulikitazama kile kilele, na tunakiri mbele ya msomaji kwamba nafsi ilitupamba. Tulisema: “Tutie udhu, tuswali, kisha wenye nguvu waendelee hadi juu.” Tukachukua chupa, tukaifungua, tukaanza kukunja mikono ya kanzu.

Hapo ndipo yule mama, mzazi wa mwenyeji wetu, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe akimpepea mjukuu wake wa miaka mitano, alipotoa sauti ya chini.

“Baba Sheikh, uniwie radhi. Maji hayo ni ya watoto.”

Mwanawe alishtuka. “Mama, Sheikh anajua.”

“Najua kama anajua,” akasema. “Ila mimi mwaka wa 1996 nilitembea siku nne katika milima ya Fizi kabla ya kuliona ziwa, na huyu nikiwa nimembeba mgongoni. Kikombe cha maji nakijua bei yake. Mtoto huyu midomo imekauka, na kushuka bado.”

Tulimtazama yule mtoto. Midomo ilikuwa imekauka kweli, na macho yake yalikuwa mazito. Tukaifunga chupa, tukaiweka mikononi mwa bibi yake.

Ndugu msomaji, masuala hayo yamo katika vitabu vya fikihi ambavyo mwanafunzi huvisoma akiwa angali kijana. Wanavyuoni wamebainisha kwamba mwenye maji akichelea kiu, yeye au mwenziwe, hata mnyama anayepasa kuheshimiwa uhai wake, basi maji hayo huwekwa kwa ajili ya kunywa, na udhu wake huhamia kwenye tayamamu. Sisi tumeyasomesha hayo tukiwa tumekaa juu ya mikeka, karibu na bomba la maji. Pale mlimani, mbele ya watoto, kitabu kilikuwa kimetutoka kichwani kwa sababu ya kilele cha mlima, na akakisoma kwa niaba yetu mama ambaye husema mwenyewe kwamba hajui kusoma.

Wala hatukuhitaji hata tayamamu. Tulikuwa wasafiri, na sheria imemruhusu msafiri kukusanya swala. Tuliweka nia ya kuichelewesha adhuhuri tuiswali pamoja na alasiri kambini, kwenye maji. Kilele tukakiacha mahali pake. Tulishuka polepole, tukipumzika kila penye kivuli, mtoto akipewa mafunda madogo madogo na kufunikwa kichwa kwa kilemba chetu kilicholowanishwa kidogo. Chupa ya mwisho ilimalizika gari likiwa linaonekana. Lau tungelipanda saa moja zaidi, hatujui tungelikuwa tukiandika makala ya namna gani leo.

Jioni ile kambini, baada ya kuswali, mtoto alikuwa amekwisha kula wali na anakimbizana na kaka zake. Tulimwendea yule mama, tukamshukuru. Akacheka, akasema: “Sheikh, wewe umetufundisha dini siku nyingi. Mimi nimekukumbusha kiu tu.”

Nyasi zilizotoka kwetu

Jumapili asubuhi tulikutana na mhifadhi mmoja aliyekuwa akiwaeleza wageni juu ya adui wa jangwa lile. Adui huyo ni nyasi ziitwazo bafeli. Tulipouliza asili yake, alijibu: Afrika. Nyasi hizo zilipelekwa Arizona katika miaka ya 1930 kwa nia njema, ziwe malisho ya ng’ombe na zizuie mmomonyoko wa udongo. Na mbegu ya aina iliyokuja kuenea sana ilitokana na nchi kavu ya Turkana, kaskazini mwa Kenya.

Kwetu nyasi hizo zimezoea kuliwa na wanyama na kupitiwa na moto. Huko hazina wa kuzipunguza. Hujaza nafasi zilizokuwa wazi baina ya madungusi, hukauka, na cheche moja ikitokea huwaka kwa moto mkali. Sawaro halikuumbwa kwa ajili ya moto, hivyo dungusi la miaka 150 huangamia kwa saa moja, ilhali nyasi huchipua upya mvua ikinyesha. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 watu wa kujitolea wamekuwa wakizing’oa kwa mikono katika hifadhi ile, shina kwa shina.

Na tazama mizani ilivyo. Sisi tulipata kutoka Amerika mpungate, na leo huko Laikipia nchini Kenya wafugaji wanalia kwa sababu umemeza malisho, na miiba ya matunda yake huumiza midomo na matumbo ya mbuzi. Wao walipata kutoka kwetu nyasi. Kila kimoja nyumbani kwake kilikuwa neema yenye mpaka wake. Mwanadamu alikihamisha bila ya kuuliza kilikuwa kikizuiliwa na nini.

Bendera ya buluu

Wakati wa kurudi, mwenyeji wetu alituonyesha kando ya barabara mlingoti mrefu wenye bendera ya buluu. Chini yake kuna mapipa ya maji. Yamewekwa na watu wema wa Tucson kwa ajili ya wahamiaji wanaovuka jangwa kwa miguu kutoka Mexico, kwani tangu mwaka 2000 miili ya maelfu yao imeokotwa katika nchi ile ya kusini mwa Arizona, wengi wakiwa wamekufa kwa joto na kiu. Baadhi yao walipita katikati ya maua yale yale tuliyokwenda kuyapiga picha.

Mama aliomba gari lisimame. Akashuka na dumu letu lililokuwa bado limejaa, akaliweka kivulini kando ya mapipa. Hakusema neno, nasi hatukumwuliza.

Nasaha kwa familia

Huenda msomaji akasema kwamba Arizona ni mbali. Ni kweli. Lakini safari ya familia porini, iwe ni huko au karibu na nyumbani, ina adabu moja, na tunaiandika hapa kwa ufupi.

Kwanza, maji yahesabiwe kwa mujibu wa aliye dhaifu kuliko wote, si kwa mujibu wa mwenye nguvu. Nusu ya maji ikimalizika, safari imefika mwisho wake, hata kama kilele kinaonekana. Kurudi si kushindwa.

Pili, safari ianze alfajiri. Mwenye kuswali alfajiri kwa wakati wake hana udhuru wa kuanza kutembea saa nne, kama tulivyofanya sisi.

Tatu, ua liachwe mahali lilipo. Katika hifadhi za Marekani kuchuma ni kosa kisheria, lakini hata pasipokuwa na sheria, ua lililochumwa ni mbegu ambazo hazitazaliwa, na huenda ndizo zilizokuwa zisubiri mvua ya miaka kumi ijayo. Njia isiachwe, kwani unyayo mmoja nje ya njia huvunja gamba la udongo linaloshikilia ardhi ile. Mwaka 2019, katika bonde moja la California, umati wa watu waliofuata popi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba vilima vilikanyagwa, na mwaka 2023, maua yaliporejea, wenye mamlaka walilifunga bonde hilo kabisa. Hao wote walikwenda kwa sababu waliyapenda maua.

Nne, mdogo na mwanamke wapewe nafasi ya kusema, hata kama msafara unaongozwa na sheikh. Laiti yule mama angelinyamaza kwa heshima, heshima hiyo ingelitugharimu.

Tunamalizia kwa habari ya baadaye. Majira ya joto ya mwaka huo huo wa 2023, mji wa Phoenix ulipata siku 31 mfululizo za joto la nyuzi 43 na zaidi, na masawaro yaliyokuwa yamestahimili ukame wa miongo mingi yalidondosha mikono na mengine kuanguka. Mwenyeji wetu alitupigia simu kutueleza hayo kwa huzuni. Kisha akatuambia kwamba mama yake aliyakusanya maji yaliyooshea mchele jikoni, akawa kila jioni anauwekea mche wa mesquite uliootea nyuma ya nyumba yao. Alipoulizwa ni wa nini, alijibu kwamba mti ule ukiwa na kivuli, huenda siku moja ndege akaangusha mbegu ya sawaro chini yake.

Mbegu hiyo, ikiota leo, itatoa mkono wake wa kwanza baada ya nusu karne na zaidi. Yule mama ana miaka 60 na kitu.

Tunamwomba Allah (S.W.) atuepushe na kiu ya dunia na ya akhera, na atujaalie kuwa wenye kuchunga amana. Tukutane Ijumaa ijayo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.